Fundi Viatu Aliyefunguliwa Macho

Kazini walimwita Bi Subiri. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa mbele ya ubao wa simu katika idara ya maji, kwenye chumba chembamba cha ghorofa ya pili ambacho dirisha lake lilitazama paa la karakana, na maneno yaliyomtoka mdomoni kuliko yote yalikuwa "subiri kidogo." Watu walipiga kulalamika kwamba mabomba yamekauka, au yamepasuka. Aliwasikiliza, akachomeka waya, akawaunganisha na mhandisi ambaye mara nyingi hakuwepo. Aliwajua kwa sauti tu. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja aliyekohoa kabla ya kila sentensi, na bibi mmoja aliyepiga kila Jumatatu hata kama maji yake yanatoka vizuri, kwa sababu alitaka kuongea na mtu.

Jioni alirudi kwenye vyumba viwili alivyoishi na mama yake na mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo wake alikuwa kiziwi. Homa ilimpata akiwa na miaka miwili, na ilipomwachia, ilikuwa imeondoka na masikio yake. Basi mchana wa Bi Subiri ulijaa sauti zisizo na nyuso, na jioni yake ilikuwa uso usio na sauti. Alizoea. Wakati mwingine, akivua viatu mlangoni, alihisi kama mtu anayetoka ndoto moja na kuingia nyingine, bila kujua ni wapi hasa alipoamka.

Mdogo wake hakupelekwa shule ya viziwi. Ilikuwa mbali, na baba yao alikwisha kufariki. Lugha yake waliitunga wawili, chini ya meza ya kulia, wakiwa watoto. Mvua ilikuwa vidole vinavyotembea begani. Mama ilikuwa kugusa kidevu, kwa sababu mama yao alikuwa na kidoti hapo. Uongo ilikuwa kujifuta mdomo kwa mgongo wa kiganja, na dada ilikuwa kuvuta ndewe ya sikio. Wageni waliokuja kuwatembelea waliona watoto wawili wakicheza na mikono, kumbe wanawasengenya.

Alipokua, mdogo mtu akawa fundi viatu. Kibanda chake cha mbao kilikuwa mkabala na chuo cha ualimu, na wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi, utani ambao walimfanyia naye akaucheka, maana aliusoma midomoni mwao. Kwa kuwa hakujua kuandika, kila jozi aliichora alama ya chaki chini ya soli: duara, mistari miwili, kijimti. Kwa alama hizo alijua kiatu hiki ni cha nani na kinataka nini.

Alama hizo ndizo zilizomponza. Mwaka ambao wanafunzi waliandamana na chuo kikafungwa, askari wa usalama walikuta viatu vya vijana waliokamatwa vina alama za siri kwenye soli. Wakauliza nani amezichora. Asubuhi moja ya Jumanne walikuja kibandani, wakamkuta anapiga msumari kisigino cha mwalimu, wakamwamuru asimame. Hakusimama, maana alikuwa amewapa kisogo. Wakamchukua hivyo hivyo, na aproni yake shingoni.

Bi Subiri alipata habari saa nne, kwa simu, kutoka kwa muuza magazeti wa jirani. Alikaa kidogo na waya mkononi. Kisha akaanza kupiga. Alipiga vituo vya polisi vyote, hospitali, magereza, akitumia sauti yake ya kiofisi: "Napiga kutoka idara ya maji." Siku ya tatu, kwenye namba ya jengo lililoandikwa mlangoni Ghala la Vifaa vya Ofisi, sauti ya mwanamume ilimjibu kwa upole kabisa: "Dada, kama unaipenda kazi yako, usipige tena namba hii."

Hapo akajua mdogo wake yuko wapi. Hakuna mtu anayelinda karatasi na wino kwa sauti kama ile.

Miezi kumi alipita mbele ya Ghala kila asubuhi akienda kazini. Lilikuwa jengo la kawaida, rangi ya maziwa, lenye maua ya makopo kwenye ngazi. Alitembea polepole na kukanyaga kwa nguvu, kama mwehu, kwa sababu mdogo wake alizoea kuhisi nyayo za watu kupitia sakafu, naye alitumaini kwamba udongo utampelekea habari.

Walimwachia siku ya mvua. Alikuja mwenyewe kwa miguu, amekonda, na mama yao alipofungua mlango aligusa kidevu na kubaki na mkono pale pale. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikukunjika tena. Baadhi ya maneno hakuweza kuyasema vizuri. Mvua ilimshinda, na kesho, na jina la paka wao. Alirudi na kigugumizi cha mikono, na ikabidi yeye na dada yake wakae tena mezani, watu wazima na miaka yao, watunge upya maneno yaliyovunjika.

Alimsimulia dada yake kidogo kidogo, kwa miaka miwili, kwa kawaida Jumapili mchana wakati mama amelala. Siku kumi na moja za kwanza walimpiga ili aseme. Walimfunga kitambaa machoni, kwa hiyo hakuona hata midomo yao, akawa ndani ya giza lisilo na mlango. Kadiri alivyonyamaza ndivyo walivyozidisha, na mmoja wao, alikuja kujua baadaye, alimsifu kwamba huyu ni mgumu kuliko wote. Siku ya kumi na mbili mtu aligonga sufuria nyuma ya kichwa chake naye hakushtuka. Wakagonga tena. Wakamfungua macho, wakamtazama, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Tangu siku hiyo hawakumfunga tena. Walimpa ufagio na ndoo. Wengine wote mle ndani walifungwa macho, yeye peke yake aliona. Walimwona kama kiti. Bubu atamwambia nani? Hivyo ndivyo alivyowasoma wakiambiana, mbele yake, wakinywa chai.

Dada mtu hakuandika chochote, maana siku zile karatasi ilikuwa hatari kuliko kisu. Aliyaweka kichwani kama alivyoweka namba za simu, kila jambo na mahali pake. Ila yalianza kutoka yenyewe. Kazini, katikati ya malalamiko ya mtu kuhusu mita, alijikuta anaona sakafu ya saruji yenye maji ya sabuni, mwanga wa taa ya manjano, mlango wa chuma wenye namba nne. Hajawahi kukanyaga mle. Lakini aliijua harufu.

Mama yao alifariki. Serikali ile iliendelea, ikachoka, ikashindwa uchaguzi. Ghala lilifungwa kwa kufuli na maua yake yakakauka. Mwaka wa kumi na mmoja tangu Jumanne ile, redio ilitangaza kwamba imeundwa mahakama maalum, na kwamba mshtakiwa wa kwanza ni aliyekuwa waziri wa usalama mwenyewe. Mwenye ushahidi apige simu.

Bi Subiri akapiga. Upande wa pili binti mmoja akamwambia, "Subiri kidogo, mama," akamwacha kwenye waya dakika ishirini. Alisubiri. Aliwaambia wenzake baadaye kwamba siku hiyo alijua wateja wake wote wamemwombea mabaya kwa miaka mingapi.

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke mfupi wa makamo aliyetembea na mafaili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Alikuja nyumbani, akaketi kwenye meza ile ile, akasikiliza saa tatu. Mwishoni akasema, "Tatizo letu ni moja. Waziri ameapa kwa maandishi kwamba hajawahi kuingia jengo lile. Anasema kama kulikuwa na uovu, ulifanywa na wadogo zake kazini bila yeye kujua. Ninao watu watatu walioteswa wanaosema alikuwepo, lakini wote walikuwa wamefungwa macho. Walisikia tu askari wakimwita Mheshimiwa, na walisikia mwendo wake. Mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi."

Bi Subiri alimfasiria mdogo wake. Fundi akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaanza kuongea kwa mikono, na dada yake akawa anageuza maneno.

Mahakama ilikaa katika ukumbi uliokuwa wa mikutano ya shule, wenye feni za darini na mapazia ya kijani yaliyofifia. Wakili wa waziri alisimama mapema. Alisema lugha ya shahidi haimo katika kitabu chochote, mkalimani wa lugha ya alama wa serikali haielewi, na anayedai kuielewa ni ndugu wa damu. "Mheshimiwa Jaji, huyu mama anaweza kusema lolote apendalo."

Jaji, mzee mwenye sauti ya chini, alifikiri. Kisha akaagiza Bi Subiri atolewe nje na mlango ufungwe. Alipoitwa tena, mdogo wake alimsemesha kwa mikono, naye akasita.

"Anasema nini?" jaji akauliza.

"Mheshimiwa, samahani. Anasema umevua miwani yako ukaificha ndani ya faili la karani, na karani anaitafuta kalamu yake, hajui kwamba ameikalia."

Karani akainuka. Kalamu ilikuwepo. Ukumbi mzima ulicheka, hata waziri alicheka, na jaji akavaa miwani yake na kusema kwamba mahakama imeridhika.

Akaapishwa kusema maneno ya mdogo wake kama yalivyo, bila kupunguza wala kutia chumvi. Hakujua kiapo kile kingempeleka wapi. Fundi alinyoosha mikono na kuanza, na Bi Subiri alisikia sauti yake mwenyewe, ile sauti safi ya kwenye simu, ikisema: "Nilifungwa macho. Niliwekwa juu ya kiti kisicho na kitako. Nilivunjwa vidole, kwanza hiki, halafu hiki."

Nilifungwa. Nilivunjwa. Kila "nili" iliyomtoka ilimvuta ndani zaidi. Feni za darini zilizunguka polepole, mapazia ya kijani yalipanda na kushuka kama kitu kinachopumua chini ya maji, naye hakujua tena kama mikono anayoitazama ni ya mdogo wake au ni yake. Aliona kile chumba. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji ya sabuni. Mlango ukafunguliwa na viatu vikaingia: vyeusi, vya kamba, vya ngozi ghali, soli ya kushoto ikigusa sakafu kwa namna nyingine.

"Endelea, mama," mwendesha mashtaka alisema taratibu, na ukumbi ukarudi.

"Nilikuwa fundi viatu, walijua hivyo," Bi Subiri aliendelea kufasiri. "Siku hiyo maji yalimwagika kutoka kwenye pipa la mateso, yakaingia viatuni mwa Mheshimiwa. Alikasirika. Askari akanipa viatu vyote viwili nivikaushe, naye akakaa kwenye kiti na soksi zake akiendelea kuuliza maswali yake. Kiatu cha kushoto kilikuwa kizito. Nikaingiza mkono. Chini ya soli ya ndani palikuwa na kipande cha kizibo, gome jepesi kama la vizibo vya chupa, kilichochongwa, tabaka tatu, unene wa kidole gumba kwenye kisigino, kikipungua kuelekea vidoleni. Gundi ilikuwa imeachia. Nikakishona kwa mshono wangu, maana sijui kuacha kazi nusu. Mguu wake wa kushoto ni mfupi. Watu hawaoni, kwa sababu fundi aliyemtengenezea viatu ni hodari sana."

Wakili wa waziri alikwisha kusimama. Waziri mwenyewe hakusogea. Alikuwa mzee sasa, na mvi zilizochanwa vizuri, na mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya waziri aliyotia sahihi alipokamatwa, pale alipoulizwa kama ana ulemavu au alama yoyote mwilini. Alijibu: hakuna.

"Mshtakiwa," jaji alisema, "vua kiatu cha kushoto."

"Mheshimiwa Jaji, huku ni kumdhalilisha mteja wangu."

"Tutampa kiti. Avue."

Ilichukua muda. Kamba zilimshinda, na askari wa mahakama akainama kumsaidia. Daktari aliitwa, akatoa soli ya ndani, akainua kipande cha kizibo mbele ya watu wote. Hakikuwa kile cha zamani, bila shaka, ila tabaka zilikuwa tatu. Waziri alipoambiwa asimame apimwe, bega lake moja lilishuka, akashika ukingo wa kizimba asiyumbe. Kwenye viti vya nyuma mtu alianza kucheka kicheko kibaya.

Fundi alimwona yule mtu akicheka. Akainua mkono, na dada yake akafasiri: "Anasema, naomba msicheke mguu. Mguu hauna kosa. Nimewashonea watu wengi wenye miguu kama huo. Nimeutaja kwa sababu ulikuwepo pale."

Kicheko kikakatika. Waziri, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alimtazama fundi usoni. Bi Subiri aliliona lile jicho na hakulisahau. Halikuwa la toba wala la chuki. Lilikuwa la mtu aliyesemeshwa na kiti.

Hukumu ilitoka baada ya miezi saba. Jaji alisema kwamba wasioona walisikia, na asiyesikia aliona, na maelezo yao yamekutana katika mwendo wa mtu mmoja. Waziri alipewa miaka kumi na minane. Alikata rufaa, ikatupwa. Askari wawili kati ya watano waliotajwa hawakupatikana kamwe, na mmoja alikwisha kufa kitandani kwake akihesabiwa kuwa mtu mwema. Siku ya hukumu Bi Subiri hakushangilia. Alienda nyumbani, akalala saa kumi na nne mfululizo, akaota anapiga simu namba moja tu na kila akipiga inapokelewa.

Fundi alirudi kibandani. Kesi ilikuwa imetangazwa kwenye magazeti, na watu wakaanza kuja, wengine na viatu, wengine na picha. Walikuwa wazazi, wajane, kaka za watu. Walitaka kujua kama yule aliyefunguliwa macho aliwaona watu wao. Bi Subiri, aliyekwisha kustaafu, alikaa naye kila Jumamosi kwenye benchi la wateja na kufasiri. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, naye alijifunza kulisema bila haraka.

Jumamosi moja alikuja mama mmoja mtu mzima, mshona mapazia, na picha ya binti mwenye mwanya. Fundi aliitazama muda mrefu. Kisha akachora kwa kidole juu ya benchi namba nne.

"Anamkumbuka," Bi Subiri alisema. "Alikuwa chumba namba nne. Alimwona mara nyingi, alikuwa akimpelekea maji. Mara ya mwisho alikuwa hai, wakamhamisha na gari. Baada ya hapo hajui."

Mama yule alitikisa kichwa kwa kuelewa. Hakulia. Alikunja leso yake mara nne, akaikunjua. "Muulize alikuwa na hali gani. Usinifiche, mwanangu."

Mikono ya fundi ilianza, ikasimama, ikaanza tena.

"Anasema alikuwa amechoka, amekonda. Lakini mchana, askari wakienda kula, alikuwa anaimba."

"Kiziwi huyu alijuaje kama anaimba?"

"Yeye mwenyewe alikuwa akiweka kiganja kwenye mlango wa chuma. Mlango ulitetemeka. Binti alikuwa anaimba na kupiga mlango kwa vidole, wimbo mmoja tu, kila siku."

Gari la taka lilipita, likasimama, likaondoka. "Wimbo gani?" mama aliuliza, na kabla hajajibiwa alijutia swali lenyewe, maana alikumbuka anamuuliza nani.

Lakini fundi alikuwa amesoma midomo yake. Akasogeza nyundo na kopo la gundi kando. Akaweka vidole vyake juu ya benchi, vile vizima na vile viwili visivyokunjika, akafumba macho, akaanza kupiga. Polepole, mara tatu, akaacha nafasi, mara mbili za haraka, akaacha nafasi. Bi Subiri alisikiliza na hakutambua kitu. Ilikuwa ni mbao tu inayogongwa.

"Arudie," mama alisema.

Bi Subiri akamgusa mkono, naye akarudia. Midomo ya mama ilianza kusogea, bila sauti kwanza, kama mtu anayetafuta namba kichwani. Kisha sauti ikatoka, nyembamba, ikikwaruza, ikaingia katikati ya zile nafasi na kuzijaza. Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto, alioutunga mwenyewe na hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua, kuhusu sindano iliyopotea ndani ya pazia.

Bi Subiri hakufasiri. Hapakuwa na haja. Mdogo wake alikuwa amefungua macho, akimtazama mama koo lake likipanda na kushuka, na taratibu, bila kuacha kupiga kwa mkono wa kulia, aliweka kiganja cha kushoto juu ya ubao ambapo mama alikuwa ameegemeza viwiko vyake.